Miaka Ishirini na Tisa, na Hemu Hajaionja

Ilibidi mtu astaafu ndipo mkumbuke njia ya kuja Gesti ya Ghubani, hapa Kisumu? Wengine wenu mlihamia Nairobi mkasema mtarudi Pasaka, ila hamkusema Pasaka ya mwaka gani. Haya, kaeni. Soda ipo. Mzee Absalom Odipo, mpishi wetu mkuu, anastaafu leo, tarehe 31 Desemba 1997, baada ya miaka ishirini na tisa. Mimi Aoko wa dobi nimepewa kazi ya kueleza habari zake kwa sababu nimekaa naye kuliko mtu yeyote isipokuwa mkewe, na mkewe amekataa. Sikusoma. Lornah wa mapokezi anaandika ninavyosema, na nimemkataza kupunguza.

Aliingia mwaka 1968 kuosha sufuria. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba akiinamia ile kubwa ya uji tulikuwa tunaona viatu tu. Baada ya miaka sita akapewa kisu. Mwaka 1980 akapewa jiko zima pamoja na kofia nyeupe, ambayo hajaivua mpaka leo, hata kwenye picha za harusi ya binti yake. Ngege wake, yule samaki wa ziwani, mnamjua. Chapati zake mnazijua pia, na siku ya sherehe hatutazizungumzia.

Lakini jina lake lilitoka kwenye hemu, lile paja la nguruwe lililolazwa kwenye chumvi, ambalo lilikuwa linatujia kwa treni kila Desemba kwa chakula cha Krismasi. Mzee Absalom ni Msabato. Nguruwe haingii mdomoni mwake. Krismasi yake ya kwanza jikoni, 1980, hakujua kwamba paja lile lazima lilowekwe siku nzima na kubadilishiwa maji mara tatu. Akalioka na chumvi yake yote, wageni wakamaliza maji ya gesti nzima mpaka ya mapipa yangu ya dobi. Tangu siku hiyo, akioka hemu, alikuwa anagonga mfuniko dirishani, nami naacha mashuka naenda kumwonjea. Mimi ni Mkatoliki, tumbo langu halina masharti. Yeye alishika kisu, pua na masikio, maana husema mafuta yakinyamaza ujue nyama imeiva. Mimi nikashika ulimi.

Mwaka 1991 akaja meneja mpya, Bwana Masinde, akasikia habari hiyo. Akamsimamisha Absalom mbele yetu sote.

“Mzee, wageni watakulaje kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa?”

“Sikiogopi, Bwana. Sikili.”

Basi likatoka agizo. Siku ya Krismasi, mbele ya wageni, Absalom akate kipande cha kwanza akile yeye. Asipokula, avue aproni aiache mezani aende nyumbani. Wakati huo alikuwa na watoto wanne shuleni.

Kana kwamba hayo hayatoshi, tarehe 24 oveni ikaungua, na fundi alikuwa ameshapanda basi kwenda kwao. Nyumbani kwa Absalom nguruwe hapiti langoni. Seline, mkewe, angelitupa paja lile nje pamoja na mwenye kulibeba. Kwa hiyo alilifunga kwenye shuka jeupe la gesti, nililokuwa nimelipiga pasi asubuhi hiyo hiyo, akalileta kwangu Nyamasaria kwenye kibebeo cha baiskeli kama anayepeleka mgonjwa hospitali.

Tuliazima sufuria ya kanisa, ile ya harusi, tukaweka makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Mifereji ilikuwa mikavu wiki ile, kwa hiyo paja lilikuwa limebadilishiwa maji mara moja tu. Absalom akachora ngozi kwa kisu, miraba midogo midogo, na katika kila mraba akachomeka karafuu. Mimi nikakimbia sokoni Kibuye nikaleta sukari nguru, tukaiyeyusha na maji ya machungwa na haradali kidogo. Akapaka, akafunika, akapaka tena, mpaka paja likang’aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Nikamwambia Mungu mwenyewe aliificha nguru ndani ya nguruwe. Sikusoma lakini masikio ninayo. Hakucheka.

Jirani yangu Zamzam akaita kutoka upande wa pili wa ua, “Mama Aoko, unapika nini kinanukia hivyo?”

“Dada, ingia ndani ufunge dirisha!”

Nikaonja pembeni. Tamu. Nikamshauri, “Omera, ndugu yangu, kesho meza kipande kidogo tu. Siku ya Krismasi Mungu ana wageni wengi, hataona.”

“Ataona, Mama Aoko. Na Seline ataona kabla yake.”

Akaendelea kupaka.

Kesho yake mchana wageni thelathini walikaa mezani. Absalom akakata kipande kinene, akakiweka kwenye sahani, halafu akachukua mfuniko akaugonga. Nikatokea dobi na mikono yenye povu.

“Huyu ndiye ulimi wangu,” akasema. “Akisema hemu ni mbaya, aproni hii hapa.”

Nikala mbele ya wakubwa. Pembeni ilikuwa tamu kama jana, lakini kipande kile kilitoka karibu na mfupa. Nikawafikiria wale watoto wanne. Nikamtazama Absalom, naye akanitazama.

“Sema,” akaniambia.

“Chumvi imezidi karibu na mfupa.”

Hakuna aliyegusa uma. Bwana Masinde akajikatia kipande, akatafuna polepole, akanywa maji.

“Ni kweli,” akasema. “Mama, si ungesema tu ni tamu?”

“Ningesema, halafu mngekunywa maji yangu ya dobi tena.”

Wageni wakacheka mpaka wengine wakapangusa macho. Bwana Masinde akafunga mwenyewe kamba za aproni ya Absalom, zilizokuwa zimeanza kulegea. “Mzee, anza na upande wa nje. Na kuanzia leo hakuna sahani ya hemu itakayotoka jikoni kabla mama huyu hajala.” Hicho ndicho cheo pekee nilichowahi kupandishwa katika gesti hii.

Absalom hajawahi kuionja hemu mpaka leo. Na kila Krismasi, ninyi mkishiba, yeye alikuwa anakula ugali baridi amesimama kando ya sinki, huku nyumbani Seline anapakulia watoto na kiti cha baba yao kiko wazi. Hilo hakuna aliyemshukuru, kwa hiyo namshukuru mimi. Asante, Absalom. Miguu yako ipumzike, magoti yasikusumbue, na Seline akuvumilie mchana kutwa, maana hajazoea.

Na ninyi mliopotea, mkirudi Kisumu msije hapa kwanza. Nendeni kwake, njia ya Maseno, lango la buluu, Jumapili na si Jumamosi. Bebeni kuku. Pikeni ninyi, yeye akae mezani, na kuku akiiva, asithubutu mtu kumwonjea.