Kanga Iliyovaliwa

Kaeni, wanangu, na wewe Bi Kidawa, mke wangu, weka chini hilo bakuli la uji, nshakunywa kiasi cha kumtosha mtu wa safari yangu. Njooni karibu, maana sauti yangu leo haivuki chumba. Mwanamkasi, kaa hapa penye miguu nikuone. Mcha, wewe kaka yake, simama au kaa upendavyo, lakini nisikilize mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Meli ya Mombasa inaondoka hapa Unguja, bandarini Malindi, leo alasiri, na baada ya Mombasa kuna treni, na treni inapokoma ndipo Kampala, na huko kuna chuo na dakhalia na kitanda kinachomngoja binti yangu. Jana alilifungua lile sanduku langu la bati apange vitu vyake, akaikuta ndani sanda yangu, akafunika kifuniko akasema haendi. Tangu jana nguo zake zimetandazwa mkekani kama mnadani. Basi nnausia juu ya sanduku kwanza, mengine yatafuata pumzi ikiwepo.

Itoeni sanda muiweke juu ya kabati. Hapana mwizi wa sanda.

Sheria mnaijua: mrithi hausiwi mali, na mgonjwa wa kitandani akimpa mrithi mmoja kitu, hakiswihi mpaka wenziwe waridhie. Mimi nimekuwa karani wa forodhani maisha yangu yote, nimegonga mihuri juu ya mihuri, sitaki kufa na mzigo uliopita bila kibali. Nyumba hii na shamba la Kidichi kadhi atayagawa kwa mafungu yake, msimsumbue, anapenda hesabu. Lakini sanduku nnataka litoke leo, na mimi nnaliona. Mama yenu ameridhia. Umebaki wewe, Mcha.

Unalolisema jikoni linafika huku, sijaziba masikio: "Baba roho iko kooni, yeye anapanda meli! Watu watasemaje?" Watasema, mwanangu. Ndiyo kazi yao, na wanaifanya bila mshahara wala likizo. Fikiri, nitakuuliza tena.

Sasa wewe, Mwanamkasi. Ile karatasi ya chuo ya vitu vya kuchukua nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma hati za shehena, na kila walichotaka utakichukua, hata viatu vya mpira vya kuchezea, ingawa tangu kuzaliwa sijakuona ukikimbia ila ukiitwa kula. Chukua blanketi mbili, kule kuna baridi. Chukua na lile joho la kuvaa juu ya vazi la kulalia, ambalo nililiulizia ofisi mbili za serikali na hapana aliyejua ni la nini, mpaka Bi Mumtaz akalishona kwa kukisia, akalitia na mifuko. Livae. Wakikuuliza mifuko ya nini, waambie ndiyo mtindo wa Unguja.

Achari chukua chupa moja, usichukue mtungi. Utawapa wenzio, nawe uonje vya kwao. Msahafu juu kabisa, usikandamizwe na viatu. Picha yangu iache hapa. Nilipigwa kwa ajili ya kitambulisho cha kazi, nimetoka kama mtu aliyekamatwa na magendo, na sitaki unikumbuke hivyo.

Nimefungua masanduku ya watu wengi, mwanangu. Nilimwona bwana mmoja wa Makunduchi amefunga mchanga wa kwao kwenye leso, na mkubwa wangu akataka tuandike ni madini au ni mbolea, tukakaa asubuhi nzima tunapekua kitabu cha ushuru, na yule bwana ameushika mkononi analia. Nikacheka. Siku hizi sicheki.

Kwa sababu iko siku, nayo si mbali, utaletewa simu ya maandishi ya posta huko dakhalia, kwamba nimekufa. Usirudi. Unanisikia? Watanizika siku ile ile, mimi nitakuwa nshafukiwa kabla karani wa posta hajamaliza chai yake. Ukirudi utalikuta kaburi na nafasi yako chuoni utaikuta na mtu mwingine. Nimeitazama ile karatasi mbele na nyuma: wameandika taulo, wameandika kiwi ya viatu, hawakuandika kitu cha kulilia. Basi mimi nnaongeza. Chukua kanga ya mama yako, na usichukue ile mpya aliyokununulia, chukua hiyo aliyojifunga sasa hivi, yenye moshi wa jikoni na jasho la kuniuguza. Bi Kidawa, ivue umpe. Usiifue. Siku hiyo jifunike gubigubi, ulie mpaka uchoke, halafu unawe uso uende darasani. Matanga yangu kwako ndiyo hayo.

Niinueni kidogo... Hapo. Mto, Mcha.

Jirani yetu Muhiddin, ambaye hatusemezani kwa ajili ya mfereji wake unaomwaga maji ya mvua ukutani kwangu, mwiteni mazikoni, ashike jeneza. Nimemsamehe. Mfereji sijausamehe, ila msimwambie mpaka masika.

Mcha. Wewe ndiye utakayeniosha, wewe ndiye utakayeingia kaburini kunipokea, na najua unaogopa kuwa peke yako siku hiyo. Ndilo linalokufanya umzuie dada yako, si maneno ya watu. Hutakuwa peke yako, baba. Mtaa mzima utakuja. Ni yeye atakayekuwa peke yake. Sema basi... Sema kwa sauti, kadhi hayupo lakini Mungu yupo.

"Nimeridhia, baba."

Alhamdulillahi. Mbebee sanduku lake mpaka chini, Jaku hamali anangoja na gari. Mkono mmoja ushike sanduku, wa pili umshike yeye.

Njoo, Mwanamkasi. Inama... Mungu akulinde bara na bahari, akupe elimu yenye manufaa, akupe watu wema. Radhi zangu unazo zote, sikubakisha. Usinibusu tena, utashindwa kuondoka. Toka sasa, wakati nnasema, na mimi nitaendelea kusema mpaka ufike mlangoni, ili usije ukasema ulimwacha baba yako amenyamaza. Nenda. Nnakusikia ngazini... ngazi ya tatu ina ufa, iruke... Bi Kidawa, usimwite. Nnasema bado, mwanangu... bado nnasema... pita... mlango huo, usukume kwa bega... nnasema...