Mzee Népomuscène Bahizire Hakufuta Sauti za Kwaya

Népomuscène Bahizire alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 mjini Uvira, mtoto wa pili wa marehemu Dieudonné na marehemu Geneviève. Mwaka 1965 wazazi wake walivuka mpaka na watoto wanne na magodoro mawili, wakapanga chumba Nyakabiga, mjini Bujumbura. Hakuhama tena Bujumbura.

Alisoma shule ya msingi Nyakabiga, kisha miaka miwili ya ufundi wa umeme. Baba yake alipofariki mwaka 1975, aliacha masomo akawalea wadogo zake. Waliokuwa wakimwita "fundi wa barabarani" wajue kwamba michoro ya mashine alijifundisha mwenyewe, kamusi ya Kifaransa ikiwa magotini.

Kuanzia 1979 alikuwa na meza yake mtaa wa Asiatique, kwenye baraza ya duka la vitambaa. Alitengeneza radio na vikuza sauti, lakini ujuzi wake mkubwa ulikuwa vinanda vya umeme vya zamani. Ndani yake mna betri ndogo inayolinda kumbukumbu hata kinanda kikizimwa. Ikichoka, sauti zote zilizotungwa zinapotea. Ikivuja, maji yake yanakula njia za shaba. Yeye alianza kwa kuhifadhi sauti kwenye kaseti, ndipo akatoa betri, akasafisha kwa limau na mswaki, akalehemu kishikilio cha betri ili nyingine ibadilishwe kwa urahisi.

Spéciose alimpata kwa sababu ya radio. Alimletea ikiwa imeoza ndani kwa maji ya betri.

"Dada, we unaacha pile zikufe ndani ya radio?"

"Kwani we ni muganga wake?"

Walifunga ndoa tarehe 5 Aprili 1986.

Mwaka 2011 alihifadhi sauti 64 za kinanda cha kwaya ya kanisa letu, Mutanga Nord, kazi ya walimu wa kwaya ya miaka kumi na minane. Agosti 2019 aliiandikia kamati ya kwaya kwamba betri imefika mwisho, isiguswe kabla ya kuhifadhi. Hakujibiwa. Wakamleta fundi mwingine, akaing'oa hivyo hivyo. Sauti zote zikaenda. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kwaya, Bwana Herménégilde, alisimama mbele ya waumini: "Bahizire ndiye alifuta sauti, juu hatukumupa tena kazi." Spéciose alikuwa ameketi benchi la tatu.

Kesho yake Bahizire alipeleka kaseti kanisani. Mlinzi alimzuia langoni: "Mzee, wamesema usiingie."

"Mi sikufuta kitu. Sauti ziko humu. Waambie wazichukue tu."

Hakuna aliyezichukua. Hata Asiatique watu walianza kuipita meza yake.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022. Novemba 2024, akiwa kitandani, alimfundisha binti yake Amélie, hatua kwa hatua, jinsi ya kuzirudisha sauti. Mwalimu mpya wa kwaya, Hugues, alimfungulia mlango wa kanisa, wakaunganisha kaseti na kinanda. Amélie akapiga simu nyumbani.

"Papa, zimerudi."

"Zote?"

"Zote."

Mzee alilia kama mtoto. Jumapili kamati ilimshukuru Mungu na "mafundi wetu". Jina lake halikutajwa! Alisubiri mtu wa kamati abishe hodi, hata mmoja. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka 67, hakuna aliyebisha.

Sasa kamati imeomba kinanda hicho kipigwe hapa kaburini. Mjane amejibu: "Kipigwe. Lakini kwanza yule aliyesema mbele ya watu, aseme tena mbele ya watu." Bwana Herménégilde yuko hapa. Kipaza sauti tutakiacha wazi.

Marehemu ameacha mjane, Spéciose, watoto watatu, Amélie, Audace na Orlane, wajukuu watano, na mdogo wake, Landry.

Mungu aliyemwita ampe pumziko ambalo sisi hapa tulimnyima.