Somo la Hewa Nyepesi

Basi la uwanja wa ndege lilikuwa linatupeleka abiria tisa kwenye ndege ndogo ya pangaboi moja. Mawingu yalikuwa yametanda na joto lilikuwa la kulowesha shati. Mbele yangu, mama mmoja dobi alikuwa amepakata furushi la mashuka. Kando yake fundi wa ndege, leo abiria kama sisi, alikuwa anatoa somo ambalo hakuna aliyeliomba.

"Hewa yenye unyevu ni nyepesi, mama. Pangaboi linakosa cha kushika, na injini inachoka. Lazima mzigo upunguzwe."

"Kaka, nimefua miaka ishirini. Sijaona kitu kikalowa kikawa chepesi."

"Hewa siyo shuka!"

"Haya, ianike tuone."

Nikageukia dirishani nisije nikacheka.

Basi likasimama. Rubani akachungulia mlangoni. "Samahanini, unyevu umezidi. Abiria mmoja atangoja ndege ya kesho."

Fundi akakohoa. "Kusema kweli, haijawa nyepesi kiasi hicho."

"Ni nyepesi mno," alisema mama dobi, keshasimama, furushi kichwani. "Somo limeniingia, mwalimu wangu. Baki salama."