Ombi la Sola la Fundi wa Kariakoo

Bwana asifiwe, kanisa. Leo sikuja na wimbo, nimekuja na aibu yangu, mnivumilie.

Mimi ni karani kwenye ofisi moja pale Posta, sitaji jina lake. Napokea maombi ya watu wanaotaka kufunga sola kwenye mapaa. Ukutani tumebandika mabango ya nishati safi, mezani mafaili yamelala. Mtu akija namwambia, "Mwongozo haujashuka, njoo wiki ijayo." Na kweli wakubwa walichelewa kuutoa. Ila ndugu zangu, nawaambia ukweli, hata ulipotoka niliendelea kusema hivyohivyo. Nilishazoea.

Kulikuwa na dada mmoja, fundi cherehani wa Kariakoo. Kila Jumatatu yupo kwenye benchi. "Kaka, umeme unakatika kila mara, na jenereta linatuua kwa moshi." Wiki ijayo, dada. Miaka miwili.

Siku moja akaja mdogo wake wa kike. Moshi ulikuwa umemmaliza dada yake, walimkuta ameinamia cherehani. Nikasema poleni, nikaendelea na kazi.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, nikainua kichwa nikasema, "Dada, njoo wiki ijayo."

Mwenzangu akaniuliza, "Unaongea na nani?"

Benchi lilikuwa tupu. Harufu ya jenereta imejaa chumba kizima, na ni mimi peke yangu niliyeisikia. Jumatatu nyingine, hivyohivyo. Niliogopa, jamani. Nikaanza kunywa asubuhi, mke wangu akachukua watoto akaenda kwao.

Nikamwendea mchungaji wetu. Hakukemea pepo. Aliniuliza tu, "Faili lake liko wapi?"

Lilikuwa kwenye droo yangu. Nikalibeba mwenyewe, meza kwa meza. Saini tatu. Kabla ya adhuhuri kibali kimetoka.

Nikampelekea mdogo wake, anashona palepale, jenereta lilelile linanguruma mlangoni. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Akakisoma kibali, akakigeuza nyuma, akauliza, "Ni karatasi hii tu?"

Nikasema ndiyo. Nililia pale mbele ya wateja.

Tangu siku hiyo benchi halijanitisha tena. Namshukuru mchungaji, namshukuru mke wangu aliyerudi. Namshukuru na yule binti, hakunifukuza. Sola yake sasa iko juu ya paa. Na wewe mwenye karatasi ya mtu mezani, kesho ukifika kazini anza na hiyo.

Binti hajanisamehe. Nikipita dukani kwake hanijulii hali, ananiuliza, "Yamebaki mafaili mangapi?" Mniombee nisije nikamdanganya.