Dada Kiitikio Alikuwa Mwimbaji

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa sare za shule aliyetutoka wiki iliyopita. Tena alikuwa mwimbaji. Narudia, maana siku ya mazishi hatukulisema: alikuwa mwimbaji.

Wengi mlimjua kama Dada Kiitikio. Miaka ya themanini aliimba kwenye bendi ya kumbi za harusi. Muziki ule mnaukumbuka. Kinanda cha umeme, ngoma za mashine, kiitikio kinarudiwa mpaka basi. Siku hizi tunaucheka. Eti ulikuwa mwepesi. Lo! Kama vile si sisi tuliotoka jasho tukiucheza.

Yeye hakukubali kabisa. Pale karakana ya ushonaji alikuwa anaweka kanda yake, anashona. Mafundi wenzake, wasichana, wakamtania. "Shangazi, wimbo mzima maneno matatu! Njoo nyumbani, nimekusamehe. Basi?"

Akawajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa anashona. "Wewe mumeo umemwambia lini hayo matatu?"

Wakacheka, kazi ikasimama. Kisha akawaeleza vizuri. "Spika zetu zilikuwa mbovu. Tulirudia ili hata anayeosha sahani nyuma ya ukumbi aushike wimbo, aitikie. Harusi ni yake pia."

Huo ndio muziki wa themanini, wasikilizaji. Haukumwacha mtu nje.

Alipozidiwa na maradhi, alimwomba mdogo wake wa kiume jambo moja. Huyu mdogo wake ni mwalimu mkuu, mtu na heshima zake. Akamwambia, "Ukisoma wasifu wangu, usiseme fundi tu. Sema niliimba. Na wimbo wangu upigwe."

Akajibiwa, "Sawa, dada."

Siku ya mazishi mwalimu mkuu akasimama na karatasi yake. Akasoma kuzaliwa. Akasoma ushonaji. Akasoma kuugua. Miaka ya bendi akairuka kama mtu anayeruka dimbwi. Mzee mmoja, mpiga kinanda wa bendi ile, akauliza kwa sauti, "Na nyimbo je?"

Tulijaa pale, na wimbo ule tuliujua sote. Tukatazama viatu vyetu. Hata mimi, ninayelipwa kwa kusema! Aibu ilitutafuna, na bado tukanyamaza.

Leo mwalimu mkuu yuko nami hapa studio, yeye na mkewe. Nimemuuliza kwa nini alifanya vile.

"Wanafunzi wangu walikuwepo," anasema. "Na wazazi wao. Niliona haya, ndugu mtangazaji. Na harusini kwangu ni mimi niliyemsihi aimbe."

Mkewe anamgusa bega. "Sasa sema, baba watoto."

"Dada yangu alikuwa mwimbaji."

"Wifi yangu hakuwa mtu wa kunong'ona," anasema mkewe. "Sema watu wasikie."

Anasema tena, kwa nguvu. Kisha analia.

Familia, poleni sana. Mafundi wa karakana, poleni. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujitazame. Kama nyumbani kwako yuko mtu anayependa nyimbo unazozionea haya, usimzimie redio. Kaa naye. Kiitikio unakijua, basi itikia, angali anakusikia.

Wimbo wa dada huyu tunaupiga sasa. Tumechelewa wiki nzima, na mwenyewe hayupo.