Fulana Elfu Kumi za Kumkataa Mwalimu

Ukishuka daraja la waenda kwa miguu pale Xiaobei, mjini Guangzhou, China, upande wa barabara ya Huanshi Zhonglu, utakuta ukingo wa bustani uliojengwa kwa mawe, upana wa kutosha makalio ya watu wanne wenye adabu. Waliojenga walikusudia maua. Waswahili wameufanya kijiwe, na maua yamekwisha kuzoea kumwagiwa masimbi ya kahawa. Saa kumi alasiri Fifi wa Lubumbashi hutua chupa yake kubwa ya kahawa na vikombe vya karatasi, na kuanzia hapo Kongo na Tanzania hutawaliwa bure na watu ambao nyumbani hawajawahi kuchaguliwa hata ujumbe wa nyumba kumi.

Siku hiyo Getrude alifika wa kwanza. Kijiwe humwita Mama Futi kwa ajili ya ile futi kamba ya shingoni, anayopimia kila suruali ya soko la nguo la Shisanhang kabla hajatoa hela. Alikuwa na furaha, na alikuwa akiificha kwa shida. Mchana mumewe alikuwa amempigia kutoka nyumbani Tanzania, Bukangwa. Ni mwalimu wa jiografia, miaka kumi na tisa katika shule moja ya misheni, na mwaka huu amejitosa kwenye kura za maoni za Chama cha Daraja, anaomba apitishwe kugombea ubunge.

“Getu, wananiogopa,” alimwambia. “Redio inanisema mara tatu kwa siku.”

Shule hiyo haimtaki mwalimu aliye mgombea. Walimpa mpaka leo saa sita mchana, saa za huko, awe amempelekea Sista, mkuu wa shule, barua ya kuacha kazi au ameacha siasa. Barua alikuwa nayo mfukoni. Akamuuliza mkewe kama aipeleke, na mkewe akasema peleka. Kijiweni Getrude hakumwambia mtu. Alitaka ashinde kwanza, ndipo aje awatambie.

Akaja Abeli, mtu wa Mbeya, anayeitwa Kontena kwa sababu hata akituma kitana nyumbani atasema kontena langu limeondoka. Kwapani alikuwa na fulana.

— Mama Futi, sogea kidogo. Nina kichekesho cha mwaka. Nimetoka kuichukua kwa fundi wangu, mtaa wa Zhanqian Lu, ni sampuli. Zinachapwa elfu kumi.

Akaikunjua. Getrude akamwona mumewe, kifuani kote, na shati lile la kola aliloshona yeye. Chini ya picha kulikuwa na maandishi mekundu: WANADARAJA, MSIMCHAGUE MWALIMU REVOCATUS. ATAFUTA USHURU WA MINADA. ATAPELEKA MAJI KILA KIJIJI. ATAWAFUNGA WEZI WA PEMBEJEO.

Théodore, Mkongomani aliyefika nyuma yake, ambaye kwa koti asilolivua joto wala baridi huitwa Waziri, alisoma polepole, akavua miwani, akasoma tena.

— Écoute, sikiliza, hiyi ni matusi ao ni sifa?

— Ndiyo hapo sasa, Kontena akasema. Nikajua mteja amekosea. Nikampigia, nikamwambia bosi, unamkataa mtu kwa kutaja mazuri yake, nimwambie laoban, mwenye kiwanda, abadilishe? Akafoka. Kila neno libaki lilivyo, na nisiulize maswali.

— Mteja ni nani? Getrude akauliza.

— Siwezi kumtaja, ni siri ya kazi. Kontena akapuliza kahawa, akanywa funda moja. Ni mtunza hazina wa Chama cha Mnara mkoani.

— Mnara wanaingiaje kwenye kura za maoni za Daraja?

— Mimi napeleka fulana, mama. Siasa muulize Waziri.

Waziri alikuwa akingoja kuulizwa tangu alipozaliwa.

— Huko Daraja wanaomba wangapi?

— Wawili, Kontena akajibu. Huyu mwalimu na mwanasheria mmoja, Bi Sihaba. Huyo Sihaba akisimama mnadani, hata ng'ombe wanasikiliza.

— Donc, kazi imekwisha. Mnara wanamuogopa Sihaba. Wanataka Daraja wamutoe wenyewe. Wanamutukana mwalimu kwa redio na fulana, watu wa Daraja wanasikia, wanasema, kama adui anachukia huyu hivi, huyu ndiye wetu. Wanamupitisha. Siku ya uchaguzi, Mnara wanamukula na chumvi.

— Kwa hiyo hawamchukii? Getrude akauliza.

— Wanamupenda sana. Ni mwepesi.

Getrude aliona aibu ikimpanda usoni kama mvuke wa sufuria. Akatazama saa. Nyumbani ilikuwa imepita saa tano na nusu. Lakini Waziri huyu huyu ndiye aliyewahi kuwaapia kwamba treni za chini ya ardhi za Guangzhou zinaendeshwa na Mkongomani mmoja aliyefichwa. Akajipa moyo.

— Labda wanamwogopa kweli, akasema.

— Mtu anayeogopwa hapewi maji ya kila kijiji kwenye tangazo, Kontena akamjibu. Anaambiwa mwizi. Hivi lakini Daraja nao wamelala nini? Si wachape fulana za kumtukana mtu mwepesi wa Mnara?

— Wamekwisha chapa, Waziri akasema, kwa uhakika wa mtu asiye na habari yoyote. Pale gorofa ya juu ya fundi wako.

— Basi kila chama kinafanya kampeni nyumbani kwa mwenzake.

— Na bunge lote litakuwa la watu waliochaguliwa na maadui zao.

— Nikuambie kitu, Waziri? Kontena akasogea, sauti ikashuka. Hakuna Mnara wala Daraja. Kuna kiwanda cha fulana. Kinaona mwezi wa nne biashara imedorora, kinaanzisha uchaguzi Bukangwa.

Fifi alikaribia kumwaga kahawa kwa kucheka. Waziri hakukubali kuachwa nyuma. Akaivuta fulana, akaisogeza puani.

— Mi nakuambia hata huyu muntu hayuko. Ni picha ya kompyuta. Angalia masikio. Nani anazaliwa na masikio hivi?

Wakacheka wote. Getrude naye akacheka, na kicheko chake kikamuuma. Masikio yale Dainess, binti yao, ameyarithi, na anayafunika kwa nywele mpaka leo. Akamwonea huruma mumewe kwa namna ambayo hajawahi. Miaka kumi na tisa anafundisha mistari ya latitudo kwa watoto wanaosinzia, na mara ya kwanza jina lake kusikika redioni, limelipiwa na anayetaka kumdhihaki.

Pembeni ya chupa ya Fifi alikuwa amekaa mgeni, Ariane wa Bukavu, siku mbili tu mjini, amekuja kununua viatu. Alikuwa amesikiliza yote kimya.

— Samahani, wakubwa. Huyu mubaba hana muke?

— Anaye, labda, Kontena akasema.

— Sasa muke wake anasema nini?

Kontena akageuza fulana upande wa mgongoni, kana kwamba jibu limechapwa huko.

— Amemwambia apeleke barua, Getrude akasema.

— Barua gani? Kontena akauliza.

Getrude alikuwa amekwisha kubonyeza simu kumpigia mumewe. Magari ya Huanshi Zhonglu yalikuwa yanaunguruma, akalazimika kuweka spika.

— Getu? Nipo mlangoni kwa Sista. Nimevaa lile shati.

— Baba Dainess, usigonge. Nisikilize kwanza. Matangazo ya redio wanayalipia Mnara. Na fulana zipo, nimeishika moja hapa. Wanataka Daraja wakupitishe wewe, ili wasikutane na Sihaba.

Mtu akapita na mkokoteni wa maboksi, akapiga kelele apishwe, hakuna aliyesogea. Waziri alivua miwani, safari hii hakuirudisha.

— Kwa hiyo, Getu, hakuna anayeniogopa?

Getrude alitafuta mtu mmoja wa kumtaja, hata mdogo, hata kwa uongo. Akamtazama Waziri mwenye majibu ya nchi mbili. Waziri alikuwa akiikunja fulana, uso wa mwalimu ndani.

— Kipindi chako saa ngapi? Getrude akauliza.

— Kimeanza muda. Kidato cha pili.

— Basi nenda, baba. Watoto wanakungoja.

Wakasikia karatasi ikikunjwa, kisha viatu vya mwalimu kwenye changarawe, taratibu, mpaka sauti za watoto zilipoinuka kumwamkia.