Nje Nyeusi, Ndani Nyeupe

Mbele ya karakana ya Mrisho, pale Sepuka, kuna benchi la mbao lililokaliwa mpaka likang'aa. Jumamosi hiyo asubuhi Mwalimu Hajira alifika hapo na masizi mpaka kwenye nyusi. Kwa miezi minne, kila akitoka kufundisha kemia, alikuwa anapika mashapo ya mafuta ya alizeti kwenye pipa, akitaka yatoe dizeli ya kuendeshea mashine ya kukamulia. Humo ndani aliweka punje nyeupe za zeolaiti, fuwele zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, zinazokatakata mafuta mazito yakawa mepesi. Pipa lilikuwa limegoma mara ya tano. Linatoa robo lita, basi. Na Abdulmajidi mwenye mashine alishamwambia ikifika Jumatatu aondoe vyombo vyake pale kwenye mashine, anataka nafasi ya kupanga magunia ya mashudu.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwalimu, akajibu Naftali, ambaye kijiwe kizima kinamwita Baruti, kwa ajili ya ujana wake kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke. Limekataa tena?

— Limekataa.

Mrisho, jina la kijiweni Nozeli, alikuwa amechutama anaziba pancha ya pikipiki ya mama mmoja mgeni.

— Moto mdogo huo, alisema bila kuinua kichwa. Fungia blowa ya kupuliza makaa.

— Moto hauna neno, alisema Baruti. Vile vitundu vimevimbiwa. Jiwe limeshiba.

— Basi lipewe dawa ya minyoo, akadakia Idrissa muuza kahawa, akimmiminia Hajira kikombe. Au ni jua la Singida. Mawe hayo ya ughaibuni, yalazwe kwenye friji kwanza.

— Friji ya nini? Yatie kwenye silinda ya bodaboda, yapigwe kiki mia mbili, alisema Nozeli. Yatajielewa.

Walicheka. Hajira hakucheka, wala hakukasirika. Alitoa mfukoni punje tatu zilizotumika, akaazima koleo ya Nozeli, akazipasua moja moja. Zote zilikuwa sawa: nje nyeusi tii, ndani nyeupe kama siku aliyozinunua.

Miezi minne alikuwa akipiga hesabu za vile vitundu vya ndani.

— Mafuta hayakuingia, alisema taratibu. Chembe za haya mafuta ni nene, hazipiti mlangoni. Kila kilichofanyika kilifanyika hapa nje, kwenye ganda.

— Basi saga, alisema Baruti, na safari hii hakuwa anatania. Sekenke tulikuwa tunasaga jiwe mpaka unga. Ukilivunja vipande vingi, nje yake inaongezeka.

Hajira alitikisa kichwa kukubali. Wazo lilikuwa zuri kuliko yote aliyosikia tangu aanze.

Yule mama mgeni, aliyekuwa amejitaja kwa jina la Sikudhani, akachukua kipande kimoja, akakisugua kwa kidole gumba.

— Samahani, mimi sijasoma haya. Huu weusi ni alama kwamba ganda lilifanya kazi, au ndio uliolizuia lisifanye?

Darasa zima la kidato cha nne halijawahi kumuuliza Hajira swali kama hilo.

— Sijui, alisema.

— Hujui? akarudia Sikudhani.

— Sijui. Lakini kabla sijasaga nitajua. Hizi zilizotumika nitazigawa mafungu mawili. Moja nitalichoma mpaka weusi uishe, jingine nitaliacha lilivyo. Mafuta yaleyale, moto uleule, nione lipi litatoa dizeli zaidi.

— Na Jumatatu? akauliza Baruti.

— Ikifika bila jibu, pipa nitalihamishia nyumbani kwangu.

Alimrudishia Idrissa kikombe, kahawa ikiwa bado nusu. Tairi lilikuwa limeshajazwa upepo. Sikudhani aliwasha pikipiki yake, akasogea mbele kidogo kwenye kiti.

— Panda, mwalimu. Hilo pipa liko wapi?